Iandae simu yako kabla maji hayajafika: Mambo 9 ya kuseti leo

Ikwiriri. Kava jipya, protekta mpya, picha mpya kwenye skrini na mlio ambao kila mtu stendi ataugeukia. Kwa wengi, kuitengeneza simu iwe "ya kwako" huanzia hapo na kuishia hapo.

Hakuna ubaya. Lakini kwa mtu anayeishi bonde la Rufiji, setingi zenye faida kubwa ni zile ambazo hakuna anayeziona.

Mwaka 2024 ulionyesha kwa nini. Aprili, mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, maji yakaingia kwenye nyumba na mashamba, na maelfu ya watu wakalazimika kuhama. Mei 4, kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania, na mvua zilizoambatana nacho zikaikata barabara ya kusini wilayani Kilwa. Mei 12, nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na intaneti ikasuasua Tanzania na nchi jirani.

Maji, barabara, mtandao. Vyote ndani ya wiki chache.

Siku kama hizo simu inakuwa tochi, redio, benki na njia pekee ya kumtafuta ndugu aliyebaki ng'ambo ya mto. Na siku kama hizo si za kuanza kuuliza, "Hivi hii setingi inakaa wapi?"

Haya hapa mambo 9 ya kufanya leo, wakati chaji ipo na miguu iko pakavu. Mengi hayahitaji bando. Majina ya vipengele yanatofautiana kidogo kati ya Tecno, Infinix, itel, Samsung na nyinginezo. Usipokiona kipengele kilichotajwa, fungua Mipangilio, yaani setingi, kisha andika jina lake kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu.

1. Iambie simu izungumze Kiswahili

Anza na hili kwa sababu linarahisisha mengine yote.

Watu wengi wanatumia simu iliyo kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo ilivyotoka dukani. Matokeo yake, ujumbe muhimu ukitokea, mtu anabonyeza "OK" bila kujua amekubali nini.

Nenda Mipangilio, tafuta Mfumo, kisha Lugha, ongeza Kiswahili na ukiburute kiwe cha kwanza. Kwenye Samsung, lugha inakaa ndani ya usimamizi wa jumla. WhatsApp nayo ina Kiswahili.

Kama simu ni ya mzazi au bibi, ongeza pia ukubwa wa maandishi. Kipengele hicho kipo sehemu ya Skrini. Mzee anayesoma meseji mwenyewe hamtegemei kijana wa jirani amsomee, na hapo siri ya salio lake inabaki kuwa yake.

2. Ziba matundu ya chaji

Wilaya ya Rufiji ndiyo yenye Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115. Lakini umeme wa bwawa haumfikii mtu aliye kwenye mtumbwi, shambani au kwenye nyumba ambayo nguzo yake imelala. Pale chaji uliyonayo ndiyo hiyohiyo.

Kinachokula chaji kuliko vyote kwa kawaida ni mwanga wa skrini. Upunguze. Kisha weka skrini ijizime baada ya sekunde 15 au 30 badala ya dakika mbili.

Vipi kuhusu ule muonekano mweusi ambao watu husema unaokoa betri? Ni kweli kwa simu zenye skrini za AMOLED, kwa sababu kwenye skrini hizo sehemu nyeusi haiwaki kabisa. Simu nyingi za bei nafuu zina skrini za LCD, ambazo taa yake ya nyuma inawaka muda wote hata picha ikiwa nyeusi. Kwa simu hizo weusi unapumzisha macho tu. Chaji itaokolewa na kupunguza mwanga.

Tundu la pili ni mtandao dhaifu. Simu ikiwa mbali na mnara inaongeza nguvu kuutafuta, na betri inaisha hata kama hujaigusa. Ukiwa kwenye vijito vya delta au sehemu isiyo na mtandao kabisa, washa Hali ya Ndegeni. Izime kila baada ya saa moja, angalia meseji, kisha washa tena. Pangeni kabisa na watu wa nyumbani muda wa kutafutana, mfano kila saa kamili.

La tatu, seti Kiokoa Betri kijiwashe chenyewe chaji ikifika asilimia 30. Usisubiri 5.

Na ile tabia ya kufuta programu zote zilizofunguliwa kila baada ya dakika chache? Haisaidii sana. Programu unayoifungua upya kila mara inaweza kula chaji zaidi kuliko ile uliyoiacha imelala. Funga iliyoganda au inayotumia ramani na mahali ulipo. Nyingine ziache.

3. Pawabenki: soma namba, kisha ipunguze

Pawabenki imeandikwa 10,000 mAh, simu ina betri ya 5,000 mAh. Hesabu ya haraka inasema utachaji mara mbili. Haitokei hivyo.

Namba hiyo hupimwa kwa nguvu ya betri zilizo ndani, ambazo huwa na volti 3.7 hivi. Ili kuchaji simu, umeme huo hupandishwa hadi volti 5, na njiani sehemu nyingine inapotea kama joto. Kinachofika kwenye simu ni kama 6,000 hivi. Yaani chaji moja kamili na kidogo.

Kwa hiyo ukipanga safari ya siku mbili, tuseme kwenda Nyamisati kupanda boti ya Mafia, panga kwa hesabu hiyo na si ile ya kwenye boksi.

Jambo jingine: betri za simu zinachukia joto. Simu inayochajiwa kwenye jua kali, au chini ya mto wa kulalia, inazeeka haraka. Iweke kivulini, na kama ina kava nene, livue kwanza.

4. Fungia bando mlango

Bando la wiki linaisha siku ya pili, lawama zinakwenda kwa mtandao. Mara nyingi mlaji yuko ndani ya simu.

Hatua ya kwanza, washa Kiokoa Data. Kinazuia programu usizozitumia kwa wakati huo zisitumie intaneti kimyakimya.

Hatua ya pili, ingia WhatsApp, fungua mipangilio yake, nenda sehemu ya hifadhi na data, kisha ondoa alama zote kwenye upakuaji wa kiotomatiki unapotumia data ya simu. Kuanzia hapo, video za kundi la harusi na za kundi la ukoo zitasubiri mpaka uzibonyeze mwenyewe. Simu inapata nafasi, na bando linapumua.

Hatua ya tatu, kwenye Play Store, ruhusu programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee.

Kumbuka pia kuwa si kila huduma inahitaji bando. Menyu za pesa zinazoanza kwa nyota zinafanya kazi bila intaneti: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money na *150*88# kwa HaloPesa. Mei 12, 2024, intaneti iliposuasua, hapo ndipo tofauti ya programu na menyu ilipoonekana. Kama umezoea programu tu, jaribu menyu leo uone kama bado unaikumbuka.

5. Funga laini, siyo simu peke yake

Wengi wameweka patani au alama ya kidole kwenye skrini na wanaamini wamemaliza. Lakini laini inatoka. Mtu akiichomoa na kuiweka kwenye kitochi chake, meseji zako zinaingia kwake, zikiwemo namba za uthibitisho ambazo WhatsApp, barua pepe na huduma nyingine hutuma kwa SMS.

Fikiria simu inayoachwa kibandani kuchajishwa kutwa nzima, mwenyewe akiwa shambani. Skrini imefungwa, sawa. Laini je?

Dawa yake ni kufuli la laini. Ingia Mipangilio, tafuta "laini" au "SIM", kisha washa kufuli. Kila simu ikizimwa na kuwashwa, au laini ikihamishwa, itaomba PIN ya tarakimu 4 kabla ya kufanya chochote.

Hapa kuna tahadhari, tena kubwa. Kufuli hili lina PIN ya mwanzo iliyowekwa na mtandao wako. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai namba nyingine ndefu iitwayo PUK. Ukikosea PUK mara 10, laini imekufa. Kabla ya kuanza, tafuta kile kikadi laini ilikotolewa, kwani mara nyingi namba zote mbili zimeandikwa hapo. Kama hukioni, wapigie huduma kwa wateja au nenda dukani kwao, upate PIN ya mwanzo, kisha uibadilishe.

Ukiwa hapohapo kwenye laini, piga *106#. Utaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma husika iondolewe. Kitu kikifanyika kupitia laini hiyo, jina litakalosomeka ni lako.

6. Ficha meseji kwenye skrini iliyofungwa

Weka simu mezani, mtu akutumie meseji. Je, imesomeka yote bila kufungua simu? Kama ndiyo, hata namba za uthibitisho zinasomeka vilevile.

Nenda Mipangilio, sehemu ya Arifa, kisha tafuta arifa kwenye skrini iliyofungwa. Chagua kuficha maudhui nyeti. Simu itakuambia meseji imeingia, lakini haitasema ndani kuna nini.

Baada ya hapo, fungua WhatsApp, ingia kwenye akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Utaweka PIN ya tarakimu 6. Hata mtu akiipata namba ya uthibitisho, bila PIN hiyo hawezi kuiteka akaunti yako na kuanza kuwaomba ndugu zako hela kwa jina lako.

Matapeli wanapenda sana siku za misukosuko. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" inampata mtu kirahisi zaidi siku ambayo kweli kuna ndugu anasubiri kutumiwa hela. Kanuni ni moja: usitume kabla hujapiga simu kwenye namba ya zamani ya ndugu huyo na kusikia sauti yake. Meseji ya kitapeli, pamoja na namba iliyoituma, unaweza kuipeleka kwenda 15040.

Angalia pia programu za mikopo. Baada ya maji kuondoka mtu anahitaji hela ya haraka, na hapo ndipo mikopo ya mtandaoni inaponoga. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Programu ya mkopo ikiomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizo kwenye simu yako, jiulize inazitaka za nini. Siku ukichelewa kulipa, watakaosumbuliwa ni mama mkwe, shehe wa mtaa na mwalimu wa mtoto. Ruhusa ambazo umeshatoa zinaondolewa hivi: Mipangilio, Programu, chagua programu husika, kisha Ruhusa.

7. Namba za watu wako zikae sehemu tatu

Jiulize: ukipoteza simu leo, unakumbuka namba ngapi kichwani?

Sehemu ya kwanza ni akaunti ya Google. Majina yaliyohifadhiwa kwenye laini au kwenye kumbukumbu ya simu pekee yanazama na simu. Fungua programu ya Anwani, ingia mipangilio yake, na hakikisha namba mpya zinahifadhiwa kwenye akaunti yako. Ukipata simu nyingine, unaingiza akaunti ileile na majina yanarudi. Lakini neno la siri la akaunti lazima ulijue. Wengi walifunguliwa akaunti na fundi siku ya kununua simu na hawajawahi kuliona. Kama ni wewe, libadilishe wakati simu bado unayo mkononi.

Sehemu ya pili ni karatasi. Ndiyo, karatasi. Andika namba tano za muhimu na namba yako ya NIDA, weka kwenye mfuko wa nailoni, funga vizuri. Andika pia IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo unaipata kwa kupiga *#06#. Laini iliyopotea hurudishwa kwa NIDA na alama za vidole, na simu iliyopotea huripotiwa polisi kwa IMEI.

Na kama unanunua simu ya mkononi mwa mtu, tuma IMEI yake kwenda 15090 kabla hujatoa hela. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima na watu wakabaki na tochi na saa. Meseji moja ingewaokoa.

Sehemu ya tatu ni skrini iliyofungwa. Simu nyingi za Android zina Maelezo ya Dharura: jina, kundi la damu, mzio wa dawa na mtu wa kupigiwa. Ukikutwa huwezi kuongea, anayekusaidia anagusa neno Dharura na kumpata ndugu yako bila kuijua patani yako. Dereva wa bodaboda asikose hili.

Hifadhi pia namba hizi: 112 polisi na dharura, 114 Zimamoto na Uokoaji, na 115 ya mfumo wa m-mama, kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga.

8. Redio na ramani bila bando

Simu nyingi za bei ya kawaida zina redio ya FM ndani yake, haitumii hata chembe ya bando. Kwa kawaida inahitaji earphone za waya kwa sababu waya huo ndio antena. Earphone zako za zamani usizitupe, zitie kwenye begi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ikitoa tahadhari ya mvua kubwa au kimbunga, redio itaitangaza hata intaneti ikiwa imelala.

Ramani nayo inaweza kupakuliwa mapema. Ukiwa na Wi-Fi au bando la usiku, fungua Google Maps, gusa picha yako juu, chagua ramani za nje ya mtandao, kisha vuta kisanduku kifunike Ikwiriri, Utete, Mohoro, Kibiti mpaka baharini. GPS ya simu inasoma setilaiti moja kwa moja, haihitaji bando wala salio.

Hapa kuna mbinu ambayo wachache wanaijua. Umezungukwa na maji, intaneti hakuna, ila meseji za kawaida zinakwenda. Fungua ramani uliyoipakua, bonyeza kwa kushikilia pale ulipo, namba mbili zitatokea. Zitume kama SMS kwa ndugu au kwa waokoaji. Wakiziandika kwenye ramani yao, wanaona ulipo.

Namba ya kwanza itakuwa na alama ya kutoa mbele yake, kwa kuwa Rufiji ipo kusini mwa Ikweta. Usiiache. Ukiiacha, ramani itamwonyesha mwokoaji sehemu iliyoko Ethiopia.

Angalizo kwa wanaosafiri majini: Rufiji hubadilisha mkondo na michanga yake huhama. Ramani itakuonyesha ulipo, lakini haijui kina cha maji leo. Hapo msikilize nahodha anayeujua mto.

9. Simu ikilowa, mchele upikwe

Rufiji ni nchi ya mpunga, kwa hiyo mchele haukosekani. Na simu ikidondoka majini, ushauri wa kwanza utakaousikia ni "iweke kwenye mchele."

Usifanye hivyo. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya simu kwa kiasi cha maana, na vumbi lake huingia kwenye tundu la chaji. Mwaka 2024 hata Apple iliandika kwenye maelekezo yake kuwa iPhone iliyolowa isiwekwe kwenye mfuko wa mchele.

Fanya hivi badala yake:

- Zima simu mara moja. Usijaribu kuona kama bado inafanya kazi.
- Usiichaji. Maji na umeme vikikutana ndani, ndipo simu inapoungua.
- Toa laini, kadi ya kumbukumbu na kava. Kama betri inatoka, itoe.
- Igeuze tundu la chaji likiangalia chini, ipige kwa upole kwenye kiganja, kisha ifute kwa kitambaa kikavu.
- Iache sehemu kavu yenye upepo, mbele ya feni kama umeme upo. Si kwenye jua kali, si jikoni, si kwa kikausha nywele.
- Subiri siku nzima au zaidi kabla ya kuiwasha.

Kama imeangukia maji ya chumvi huko kwenye mikoko, haraka inahitajika zaidi. Chumvi hubaki ndani na kula vyuma hata maji yakishakauka. Izime na uipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha. Mwambie wazi kuwa ni maji ya bahari, usione aibu, kwa sababu namna ya kuisafisha ni tofauti.

Lakini kinga ni rahisi kuliko fundi. Mfuko wa nailoni usio na tundu, hewa ikatolewa na mdomo ukafungwa mara mbili, umetosha kuvusha simu nyingi. Skrini inagusika hata ukiwa ndani ya nailoni.

Huna muda? Anza na haya matatu

Kama una dakika kumi tu usiku wa leo, fanya haya: majina yahamie kwenye akaunti ya Google, meseji zifichwe kwenye skrini iliyofungwa, na namba tano ziandikwe kwenye karatasi. Mengine fuata kesho. Kufuli la laini lifanye ukishapata PIN sahihi.

Ukimaliza yote, ifanyie simu mtihani. Chagua jioni moja, zima data na Wi-Fi kwa saa moja, chaji ikiwa asilimia 30. Jaribu kuangalia salio kwa menyu. Sikiliza taarifa ya habari kwenye redio ya simu. Fungua ramani uone kama inajua uko wapi. Mtumie mtu wa nyumbani mahali ulipo kwa SMS ya kawaida na umuulize kama ameona ni wapi.

Kitakachogoma, ndicho cha kurekebisha. Masika huanza Machi, na maji ya Rufiji hayana kawaida ya kubisha hodi.